Bunduki Inayomweza Mbogo

Tangu nilipostaafu uaskari wa wanyamapori, watu wa Tindiga hawajachoka kuniuliza swali moja: "Afande, hivi ni bunduki gani hasa inayomweza tembo?" Wananiuliza kwenye foleni ya mashine ya kukobolea mpunga, stendi tukisubiri gari la Kilosa, hata msibani. Wengi wanatarajia nitaje namba kubwa ya kutisha. Mimi huwauliza kwanza: atakayeishika ni nani, na ameipiga mara ngapi?

Sikwepi swali. Nimelibeba begani miaka yote ya kazi na jibu lake ninalo, ila ni refu, na linaanza na fuvu.

Kabla sijakabidhiwa bunduki kubwa nilikabidhiwa fuvu la tembo. Lilikuwa nyuma ya kituo chetu cha kwanza cha kazi, limepasuliwa katikati kwa msumeno, limepauka kwa jua. Mzee aliyetupokea, askari wa zamani ambaye sote tulimwita Fundi kama walivyoitwa wawindaji wa tembo wa enzi zake, alituchuchumaza pale mmoja mmoja, akatuamuru tupitishe kidole. Paji la tembo halijashikana. Ndani ni vyumba vyumba vya hewa vilivyotenganishwa na kuta nyembamba za mfupa, kama sega la nyuki lililokauka. Ubongo uko chini kabisa, nyuma, karibu na shingo inapoanzia. Tembo akikukabili, sehemu kubwa ya kile kichwa unachokiona ni mfupa na hewa tu, na risasi ina safari ya karibu nusu mita kabla haijagusa chochote cha maana. Ikiishia njiani, umemuudhi tu. Na akiinua kichwa kidogo au akikiinamisha, njia yenyewe inahama.

"Mwanangu," Fundi aliniambia, "risasi haiui kwa kishindo. Inaua kwa kufika."

Yote niliyojifunza baadaye juu ya kaliba, uzito na baruti yaliingia ndani ya maneno hayo.

Asiyeijua Tindiga anaweza kudhani mambo haya ni ya matajiri wanaokuja kuwinda kwa leseni. Kijiji chetu kiko kwenye bonde, tambarare ya Mkata upande mmoja, maji na matete upande mwingine, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ni jirani tu. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa ilipojengwa miaka ya 1950, wawindaji walifurika Mikumi kwa sababu gari lilifika mpaka mlangoni mwa wanyama. Mwaka 1964 eneo likawa hifadhi, na mwaka 1975 likapanuliwa. Tembo na mbogo hawakupewa ramani. Mpunga ukianza kutoa masuke, tembo wanavuka usiku, na mwenye shamba aliyelala kwenye dungu anaamshwa na sauti ya miguu ndani ya maji. Tunapiga madebe, tunawasha moto, tunachoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha tembo. Asubuhi ekari mbili zimelala chini. Kanuni za mwaka 2011 zilileta kifuta jasho cha mazao, kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa familia ya aliyeuawa. Mama aliyepoteza gunia zake zote hupiga hesabu hiyo haraka. Ndipo watu wanasema, "Leteni bunduki."

Kwa hiyo bunduki kubwa huku kwetu ni chombo cha kazi, na kazi yenyewe ni ya mwisho, baada ya madebe na pilipili kushindwa na baada ya amri kutoka kwa wenye mamlaka. Lakini siku hiyo ikifika, aliyeshika bunduki anahitaji iliyo sahihi, maana nyuma yake wamesimama wanakijiji na mbele yake ana mnyama ambaye hakuomba kuteseka.

Sheria imekata shauri la kwanza: kwa tembo na mbogo, .375 ndiyo kaliba ya chini kabisa. Namba hiyo ilitokana na risasi moja ya Kiingereza, .375 Holland & Holland Magnum, iliyotoka mwaka 1912. Ningependa kila kijana anayeingia kazi hii aiweke kiganjani na kuitazama kwa utulivu. Ganda lake ni refu, milimita 72, na linachongoka taratibu kuanzia chini hadi shingoni. Bega lake limelala kiasi kwamba huwezi kulihisi vizuri kwa kidole gumba. Chini, juu kidogo ya kitako cha ganda, kuna mkanda wa shaba uliotuna. Kwa kuwa bega halina pembe ya kutosha kuishikilia risasi mahali pake ndani ya chemba, mkanda ndio unaoizuia isizame kupita kiasi.

Kwa nini walilichongoa ganda hivyo? Baruti ya wakati ule, kodaiti, ilikuwa nyuzi nyuzi ndefu, na shinikizo lake lilipanda sana kwenye joto. Ganda lenye kuta zilizonyooka lingeweza kung'ang'ania chemba baada ya mlio, na mwenye bunduki akabaki anavuta bolti huku mnyama anakuja. Ganda lililochongoka linaachia likivutwa kidogo tu. Mtu aliyetembea tambarare ya Mkata mwezi wa Desemba, chuma cha bunduki kikiunguza mkono, hahitaji kuelezwa zaidi. Waliotengeneza risasi hii walikuwa London, lakini waliifikiria nchi yenye jua.

Risasi ya kawaida ya .375 ina uzito wa gramu 19.4, yaani grein 300, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni jouli 5,750 au zaidi kidogo. Shikilia hesabu hiyo, kwa sababu sasa naileta iliyowahi kuwakosesha usingizi mabwana wawili tuliofuatana nao safari moja.

Walikuwa watu wa mjini, wana leseni halali, na bunduki yao ilikuwa .300 Winchester Magnum, mpya kabisa, ina darubini. Risasi hii ilitoka mwaka 1963. Ina mkanda uleule chini ya ganda, inakwenda zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na nguvu yake inafika jouli 4,700 hivi. Kwa kongoni, nyumbu, hata pofu mkubwa, ni bunduki nzuri sana. Mabwana wale walikuwa na hoja iliyopangwa vizuri: tofauti ya jouli ni ndogo, basi kwa nini mbogo wazuiwe?

Hoja hiyo inavunjika begani kwa mbogo. Risasi ya .300 ni gramu 11.7 tu na nyembamba. Ikigonga mfupa mzito kwa mwendo mkali inatanuka upesi, inapasuka, inatumia nguvu zake zote ndani ya kiganja kimoja cha nyama. Jouli zote zimelipwa, mapafu hayajaguswa. Ile ya .375 ni nzito kwa zaidi ya nusu tena na ni nene, inakwenda polepole zaidi, na baada ya kuvunja mfupa bado ina safari. Mnene anayetembea haraka anapita kwenye kundi la watu pale mwembamba anayekimbia anapozuiliwa. Niliwaambia hivyo, na mbogo walimwacha. Mkubwa wao hakupendezwa, lakini alisikiliza, nami namheshimu kwa hilo hadi leo.

John Taylor, Mwailandi aliyewinda miaka mingi Msumbiji na kuchapa kitabu chake cha bunduki za Afrika mwaka 1948, alijaribu kulipimia jambo hili hesabu ya peke yake. Alizidisha uzito wa risasi kwa mwendo, kisha kwa kipenyo, ili risasi nene na nzito zipate haki yake. Wanaojua fizikia wanaikosoa hesabu hiyo, na ukosoaji wao una msingi. Hata hivyo Taylor alikuwa ameona wanyama wengi wakianguka na wengi wakikataa kuanguka, na alichokuwa akitafuta kilikuwepo.

Sasa namba kubwa zaidi, ile ambayo watu wa foleni ya mashine wanapenda niitaje. Mwaka 1956 Winchester wa Marekani walitoa .458. Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili zilikuwa ghali kupita kiasi, na hii iliingia kwenye bunduki ya bolti ya kawaida kwa sababu ganda lake ni fupi, milimita 63.5. Idara za wanyamapori barani Afrika ziliipokea kwa mikono miwili, na kwetu Tanzania askari wengi wa rika langu waliibeba. Risasi ni grein 500, gramu 32. Ukiishika unajua umeshika kitu.

Ufupi wa ganda ulikuwa na gharama yake. Ili kupata mwendo uliotangazwa, baruti ilibidi ishindiliwe sana, na baruti iliyoshindiliwa ikikaa miaka kwenye joto ilikuwa inaganda vipande. Kipande hakiwaki sawasawa. Kuna kituo, sitakitaja, ambacho ghala lake lilikuwa chumba cha bati kisicho na dari, na makasha ya .458 yalikuwa yamekaa humo tangu kabla wengi wetu hatujaajiriwa. Tulipoitwa kumfuata mbogo jeruhi, mwenzangu alifyatua. Mlio ulikuwa wa kizembe, wa kupwaya, sote tuliusikia. Mbogo aligeuka kutazama. Risasi yetu ya pili na ya tatu, za .375 kutoka kasha jipya, ndizo zilizomaliza kazi. Tulipomchuna tuliikuta ile ya kwanza imelala juu ya mfupa wa bega, haijavunja kitu. Kwa namba zilizoandikwa kwenye kasha, ilikuwa na nguvu kushinda zetu zote.

Jambo kama hilo lilishampata mtu mashuhuri kuliko sisi. Mmarekani Jack Lott alirushwa na mbogo huko Msumbiji mwaka 1959, akiwa na .458 hiyohiyo mkononi. Akaondoka na majeraha, na mwaka 1971 akatoa risasi yake mwenyewe, .458 Lott, yenye ganda la milimita 71, baruti ikapata nafasi ya kupumua, na mwendo ukapanda hadi mita 700 kwa sekunde. Ni risasi ya kutegemewa kweli. Baruti za siku hizi nazo zimeirudishia ile .458 ya kwanza heshima yake, mradi kasha ni jipya na limetunzwa vizuri. Tarehe ya kasha ni sehemu ya nguvu ya bunduki.

Basi kwa nini tusiwape askari wote .458 Lott tukamaliza maneno? Kwa sababu ya bega. Bunduki kubwa ina teke, na mwili una kumbukumbu. Teke la .375 ni karibu maradufu ya lile la bunduki ya kawaida ya .30-06, na la .458 linalizidi la .375 kwa nusu nzima. Lott iko juu zaidi. Mtu akiumia mara mbili tatu, mwili wake unaanza kujikunyata kabla kidole hakijamaliza kubana. Hajui kwamba anafanya hivyo. Anaona tu kwamba risasi zinakwenda chini na kushoto, na analaumu bunduki.

Kusini-mashariki mwetu, Beho Beho, ndani ya eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, liko kaburi la Frederick Selous, aliyeuawa vitani Januari 1917. Huyu alikuja Afrika mwaka 1871 akiwa na miaka 19 na akaanza kuwinda tembo kwa magobole makubwa yenye risasi ya robo ratili. Aliua tembo wengi kwayo, lakini aliandika kwa uchungu kwamba zile bunduki zilimharibia mishipa na shabaha, na kwamba alitamani asingezishika kamwe. Alipozeeka alitumia kaliba ndogo kuliko wengi wa wenzake. Kama teke lilimdhuru Selous, kijana wa kijiji chetu aliyeshika bunduki ya serikali kwa mara ya kwanza juzi hana kinga yoyote.

Nilipokuwa nafundisha askari wa vijiji nilitumia njia niliyoiona kwenye chuo cha wanyamapori cha Pasiansi. Unajaza magazini mwenyewe, mwanafunzi haangalii, na katikati ya risasi hai unaweka ganda tupu. Anafyatua: kishindo. Anafyatua tena: kishindo. Ya tatu inasema "tik", na hapo wote waliosimama wanaona mdomo wa bunduki ukichomoka kuelekea chini kiasi cha kiganja, bila kishindo chochote cha kuusukuma. Hakuna hotuba inayofundisha kama ile "tik". Wapo waliotabasamu kwa aibu, na wapo walionyamaza kabisa. Dawa ni kurudi kwenye bunduki ndogo, kupiga polepole, kupumua, kisha kupanda ngazi. Wengi hufika .375 wakakaa hapo kwa raha. Wachache, wenye mwili na subira, hufika .458, nao ndio wanaofaa kutangulia matetani.

Hapa huwa kuna mtu anayenitajia Bell. Ni kweli kwamba Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua zaidi ya tembo 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, isiyofika nusu ya nguvu ya .375. Alipasua mafuvu kwa msumeno kama Fundi wetu, akajifunza njia ya ubongo kutoka kila upande, na alikuwa na risasi ngumu zisizopinda. Lakini Bell alichagua wakati wake na tembo wake. Tembo wakisimama vibaya, aliweza kungoja kesho. Askari anayeitwa Tindiga saa tisa usiku hachagui. Anampiga aliyepo, pale aliposimama, katikati ya mpunga, kwa mwanga wa tochi. Bell anatufundisha kufika, na kwa hilo ni mwalimu mkubwa. Kaliba yake tumwachie mwenyewe.

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kaliba, nalo ni risasi yenyewe, kile kipande kinachoruka. Zipo laini, zinazotanuka zikiingia, na zipo ngumu, zilizofunikwa chuma au zilizochongwa kwa shaba tupu, zinazopita zikiwa na umbo lilelile. Kwa fuvu la tembo ni ngumu tu. Kwa mbogo mambo yanategemea amesimama wapi.

Mbogo ninayemkumbuka zaidi alitoka upande wa Mkata baada ya masika, waya wa mtego umemzama mguuni hadi kwenye mfupa. Alikuwa amempiga pembe mkulima mmoja pajani. Mkulima alipona, lakini watu waliacha kwenda mashambani. Tuliingia matetani watatu: mzee mmoja wa kituo, mimi, na askari wa kijiji aliyekuwa akisoma nyayo. Kabla ya kuingia, mzee alitoa risasi zote kwenye bunduki yangu, akazipanga upya kwenye kiganja chake. Laini ya kwanza kutoka, ngumu tatu kufuata. "Ya kwanza unapiga akiwa ametulia," alisema kwa sauti ya chini. "Itanuke, ikae ndani. Akiwa kundini, ngumu ingempita ikamjeruhi wa nyuma yake. Zinazofuata utampiga anakukimbia au anakujia, hapo unataka zipite kila kitu." Kisha akanisubiri niifunge bolti taratibu, mwenyewe.

Tulimkuta kivulini, ubavu upande wetu, hatua thelathini hivi. Mapafu ya mbogo yako mbele na chini kuliko watu wanavyodhani, na moyo uko karibu kabisa na kifua kinapoishia, katikati ya miguu ya mbele. Ukipiga katikati ya mwili kwa kuwa ndipo palipo panene, umepiga tumbo, na umejitafutia adui anayezunguka na kukungoja kwenye njia yako mwenyewe. Nililenga theluthi ya chini, juu ya mguu. Alipokea, akainama kidogo, akatoweka kwenye matete. Mzee alinishika bega tusimfuate. Tulikaa. Baada ya muda ukaja ule mlio mrefu wa mbogo anayekata roho, na hata hapo mzee alingoja zaidi kabla ya kusogea, na akamkaribia kwa nyuma.

Risasi tuliikuta upande wa pili, chini ya ngozi, imetanuka vizuri mdomoni na kitako chake kizima. Ilikuwa imevunja mfupa, ikapita juu ya moyo na ndani ya mapafu yote mawili. Ilikuwa .375, ile ya chini kabisa inayoruhusiwa. Wakati huohuo tulikata ule waya. Mguu ulikuwa umeoza, na sikuona furaha yoyote katika kuua mnyama aliyeteswa na mtu kwanza. Niliona tu kwamba mateso yake yaliisha kwa dakika chache, na nilishukuru kwa kila risasi ya mazoezi niliyopewa kabla ya siku ile.

Siku hizi vituo vingi vina SMG, na ni haki, kwa sababu majangili wana silaha. Lakini risasi ya SMG ni gramu nane na jouli 2,000 tu, iliyobuniwa kwa ajili ya vita vya watu. Kuimimina kwenye kundi la tembo shambani ni kuzalisha tembo vilema watakaorudi na hasira. Wakuu wanaopanga bajeti za wilaya ningewaomba mambo mawili: kila kituo cha jirani na hifadhi kiwe na .375 angalau moja iliyo nzima, na risasi za mazoezi zihesabiwe kama mafuta ya gari, yaani kitu ambacho bila hicho hakuna doria. Kasha moja la risasi kubwa ni ghali, najua. Askari anayeipiga bunduki yake kwa mara ya kwanza mbele ya mbogo ni ghali zaidi.

Mwaka huu kijana wa hapa Tindiga amepata nafasi Pasiansi. Alikuja kuniaga na kuuliza swali lilelile la foleni ya mashine. Nilimwambia akishaajiriwa aombe .375, aangalie tarehe kwenye kasha, apige tano za kasha hilo kwenye shabaha kabla ya kulipeleka popote, ajue zinagonga wapi kwa hatua thelathini na kwa hatua themanini, na asiingie matetani na bunduki aliyoazimwa asubuhi hiyo, hata kama mkuu wake anamharakisha.